Mtoto anaogopa mbwa: saikolojia inasemaje?

Mwanangu ana miaka tisa. Mwezi uliopita alifukuzwa na mbwa. Sasa akisikia mbwa anabweka hata mtaa wa pili, ananing'ang'ania kanga huku viganja vimelowa jasho. Baba yake anasema ni deko. Kweli ni deko?

Hapana, mama. Ila kwanza nikuulize: mbwa yule alimng'ata au kumkwaruza? Jeraha la namna hiyo huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto hupelekwa hospitali kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama hakupelekwa, mpeleke leo, hata kama mwezi umepita.

Hilo jasho linatoka wapi?

Wenye mtazamo wa kibiolojia huanzia mwilini. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala inapohisi hatari, mwili humwaga adrenalini, kemikali inayouandaa mwili kukimbia au kupambana, kutoka tezi zilizo juu ya figo. Moyo unaenda mbio, misuli inakaza, jasho linatoka, na yote hayo hutokea kabla mtoto hajapata nafasi ya kufikiri. Ndiyo maana kumfokea "acha woga!" hakumsaidii.

Lakini mbwa hayupo. Mbona anaogopa sauti tu?

Kwa sababu amejifunza. Mwaka 1920, huko Baltimore, Marekani, wanasaikolojia John Watson na Rosalie Rayner walimwonyesha mtoto mchanga, waliyemwita Albert, panya mweupe. Mwanzoni hakumwogopa. Kisha kila alipomgusa, walipiga chuma kwa nyundo nyuma yake. Baada ya kurudia mara kadhaa, Albert alilia kwa kumwona panya tu, na woga ukahamia hata kwa sungura. Lilikuwa jambo la kikatili kumfanyia mtoto, lakini lilionyesha jinsi woga unavyosambaa. Kwa mwanao, kubweka kumeshikamana na siku ile aliyofukuzwa.

Nimesikia kwamba woga huficha jambo jingine.

Huo ni mtazamo wa Sigmund Freud, daktari wa Vienna, Austria, aliyechunguza mambo yaliyofichika akilini. Mwaka 1909 aliandika habari za Hans, mtoto wa mji huo aliyeogopa farasi, akasema kwa undani alimwogopa baba yake. Lakini Hans mwenyewe alikuwa amemwona farasi akianguka barabarani, na kwa maoni yangu hilo linatosha. Hata hivyo, swali la Freud lina faida: kaa na mwanao kwa utulivu umuulize kama kuna kingine kinachomsumbua nyumbani au shuleni.

Msikilize pia anavyojieleza. Akisema "mbwa wote watanitafuna", wazo hilo nalo linachochea woga. Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Philadelphia, Marekani, alianza katika miaka ya 1960 kuwafundisha wagonjwa kuyapima mawazo ya aina hiyo. Naye mwanasaikolojia Carl Rogers alisisitiza kumsikiliza mtu bila kumhukumu. Neno "deko" ni hukumu.

Basi nifanye nini?

Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alimsaidia mtoto aitwaye Peter, aliyeogopa sungura. Peter akiwa anakula chakula anachokipenda, sungura aliwekwa mbali, kisha siku hadi siku akasogezwa karibu, mpaka mtoto akamshika mwenyewe. Nawe anza na picha ya mbwa. Kisha mtafute mbwa mpole aliyefungwa, mmtazame kutoka ng'ambo ya barabara huku mnakula karanga. Akitetemeka, rudini nyuma kidogo. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake waligundua kuwa watoto waliomtazama mwenzao akicheza na mbwa bila hofu walipungukiwa na woga, kwa hiyo binamu asiyeogopa mbwa atakusaidia sana.

Msimburute mpaka kwa mbwa, wala msimtishe kwa "nitakuitia mbwa" anapokataa uji. Woga ukimfanya akose shule au usingizi kwa wiki kadhaa, nenda kituo cha afya uulizie mtaalamu wa afya ya akili. Baba yake naye aende.