Happen si tokea: mahali vitenzi hivi viwili vinapoachana

Kamusi nyingi humwambia mwanafunzi kwamba happen maana yake ni tokea, na kazi imekwisha. Maana hiyo ni sahihi, lakini tabia za vitenzi hivi hazifanani, na karibu makosa yote tunayoyaona katika insha, barua na fomu za taarifa yanaanzia hapo.

Tokea ni kauli ya kutendea ya toka. Ile -e- iliyomo humruhusu mtu kuingia ndani ya kitenzi: limemtokea, kimekutokea nini, yatawatokea. Happen haina nafasi hiyo. Ni kitenzi sielekezi, hakipokei yambwa hata kidogo, kwa hiyo aliyefikwa na jambo sharti abebwe na neno to. "What happened to you?" ndiyo sahihi, na "What happened you?" ni Kiswahili kilichovaa maneno ya Kiingereza. Ukitaka kukumbuka kwa urahisi, chukulia kwamba to ya Kiingereza inafanya kazi ya -e- yetu. Ukisema limemtokea jirani yangu, andika "It happened to my neighbour". Kama hakuna mtu aliyeguswa, to haina kazi: "It happened last night", basi.

Kwa sababu hakina yambwa, kitenzi hiki hakina pia kauli ya kutendwa. Sentensi kama "The accident was happened at the junction" zimejaa katika taarifa za ajali, na chanzo chake si kigumu kukiona. Mwandishi ametoka kuandika was stolen na was arrested, mkono ukazoea. Futa was, sentensi itasimama. Mbaya zaidi ni "He was happened by an accident", inayojaribu kutafsiri alitokewa na ajali. Mwingereza hapo huachana kabisa na happen: "He had an accident". Na anayesema dereva ndiye aliyesababisha, atumie cause. Hakuna mtu anayeweza ku-happen ajali.

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa hata wenye Kiingereza kizuri. Kiswahili hupenda kutanguliza kitenzi: kumetokea ajali, imetokea hitilafu. Ukifuata mpangilio huo utapata "It has happened an accident", sentensi isiyokuwepo. Unaweza kutanguliza nomino, "An accident has happened", na hutakuwa umekosea, ila mzaliwa wa lugha anayepiga simu ya dharura mara nyingi husema "There's been an accident", bila happen popote. Ijifunze hiyo nzima nzima.

Maswali nayo. Kitu kinachowachanganya wengi ni did. Katika "What happened?" neno what ndilo kiima, kwa hiyo did haihitajiki. "What did happen?" hutumika tu pale mtu anapokazia: haya, kama hayo siyo yaliyotokea, yaliyotokea hasa ni yapi? Lakini ukiuliza wakati, mahali au namna, kiima huwa ni it, na did inarudi: "When did it happen?", "Where did it happen?", "How did it happen?" Baada ya did kitenzi kinabaki kitupu, bila -ed.

Wakati: "What has happened?" ni kama kumetokea nini, jambo bado la moto. Ukitaja jana, Ijumaa au mwaka 2019, has inaondoka: "What happened yesterday?" Mpaka wa -me- na -li- ni mwongozo mzuri hapa. Kwa jambo la sharti, sisi husema itakuwaje nikibonyeza hapa. Kiingereza kinasema "What happens if I press this?" au "What will happen if I press this?" Will haiingii upande wa if.

Sasa sehemu ambayo vitabu vya shule huipitia haraka, ingawa ndiyo tamu. Happen imetokana na hap, neno la kale la Kiingereza lenye maana ya bahati, lililotoka katika lugha ya Waviking. Umbo la happen likashika katika karne ya 14. Ukoo huohuo umezaa happy, ambayo mwanzoni ilimhusu mwenye bahati, perhaps, na mishap, yaani bahati kwenda kombo. Bahati hiyo haijafa. Inaonekana kila happen inapofuatwa na to na kitenzi kingine: "I happened to see him at the market", nilimwona sokoni bila kupanga. Waingereza huitumia pia kulainisha swali: "Do you happen to know where the clinic is?" ni sawa na samahani, hivi unajua zahanati iko wapi. Anayeulizwa anaachiwa nafasi ya kusema hapana bila aibu.

Umbo hilohilo lina makali. "I happen to be her mother" si habari ya bahati. Ni jibu kwa mtu aliyevuka mpaka: kwa taarifa yako, mimi ndiye mama yake. Ndiyo maana nimetokea kukupenda isitafsiriwe "I happen to love you", maana mpenzi wako atadhani mnagombana. "I've fallen in love with you" inatosha.

Kumbuka pia kwamba tokea yetu ina kazi ambazo happen haizijui. Alitokea mlangoni ni appeared. Tokea asubuhi ni since.

Kwa shughuli iliyopangwa, Kiswahili tayari kinatofautisha: ajali hutokea, harusi hufanyika. Fanyika hiyo kwa Kiingereza ni take place, nayo haina kauli ya kutendwa vilevile: "The meeting took place on Monday". Occur ni happen iliyovaa suti. Inafaa ripoti, sayansi na tiba, haifai mazungumzo ya jikoni. Nchini Kenya anayeripoti jambo polisi hupewa namba ya OB, na herufi O ni ya occurrence, yaani tukio. Ila "It occurred to me" si lilinitokea. Maana yake ni wazo lilinijia.

Tahajia: happen ina mkazo mwanzoni, kwa hiyo n haiongezwi, happened. Occur ina mkazo mwishoni, r inakuwa mbili, occurred. Hata Waingereza hukosea hiyo ya pili. Kutamka happened usiseme hapenedi. Ni silabi mbili tu, karibu na hapnd.

Ukishaandika occurred at kwa usahihi, itazame saa uliyoiweka mbele yake. Saa moja na robo asubuhi ni 7:15 a.m. Ukiandika 1:15 a.m. umeihamishia ajali saa saba na robo usiku. Na jambo lililotokea saa nane za usiku wa kuamkia Jumapili lina tarehe ya Jumapili, 2:00 a.m., kwa sababu tarehe ya Kiingereza hubadilika saa sita ya usiku.