Je, wajua kwa nini Prolog, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, inaweza kukuambia kuna barabara kutoka Iringa hadi Zanzibar?

Tuseme mwanafunzi wa kompyuta jijini Mbeya anaifundisha Prolog jambo analolijua vizuri: ukifika Uyole, unachepuka kwenda Tukuyu. Anaandika:

barabara('Uyole', 'Tukuyu').

Kisha anaihifadhi taarifa hiyo kwenye faili kwa amri ya write. Faili linaonyesha:

barabara(Uyole,Tukuyu)

Kwa macho, mambo safi. Lakini akiongeza nukta mwishoni, akairudisha Prolog isome upya, halafu akauliza kama kuna barabara kutoka Iringa hadi Zanzibar, atajibiwa kuwa ipo. Baharini!

Katika Prolog, lugha iliyozaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972 kwa kazi ya Alain Colmerauer na Philippe Roussel, neno linaloanza kwa herufi kubwa ni kigeu, yaani nafasi inayoweza kujazwa na kitu chochote. Alama za kunukuu ndizo zilizoifanya Uyole kuwa mahali. Zikidondoka, sentensi inasema: popote pana barabara ya kwenda popote.

Alama hizo hazikuwamo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Humo mna mti tu: juu barabara, chini matawi mawili. Anayeugeuza mti kuwa maandishi lazima ajue anamwandikia nani. Amri ya write humwandikia binadamu. Amri ya writeq huiandikia Prolog yenyewe, ndiyo maana hurudisha nukuu panapohitajika. Kwa maoni yangu, wanaoanza wangefundishwa writeq kwanza.

Mabano ndiyo yanayonivutia zaidi. Andika (2+3)*4: kwenye mti hakuna mabano, kuna * (alama ya kuzidisha) juu na + chini yake kushoto. Ila kila alama ya hesabu ina daraja lake: + ni 500, * ni 400, na yenye namba ndogo hushika kwa nguvu zaidi. Prolog ikikuta 500 imekaa chini ya 400, inajua maana itapotea, hivyo inaweka mabano. Ukiandika (2*3)+4 utapata 2*3+4, kwa kuwa hapo mabano hayana kazi.

Ukitaka maandishi yenyewe badala ya kuyaona kwenye skrini, tumia amri ya term_to_atom, nayo hutunza nukuu. Majina ya vigeu ndiyo hayarudi: kigeu ulichokiita Mji kitatoka kama _123 au namba nyingine, ingawa kikijitokeza mara mbili kitabeba namba ileile.