Kisanduku chenye makufuli matatu: dhana potofu kuhusu akiba na matumizi

Kila Jumamosi jioni, uani kwa mmoja wetu huko Mbagala, Dar es Salaam, watu 24 tunaketi kuzunguka kisanduku cha chuma chenye makufuli matatu. Funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, na anayelala na kisanduku nyumbani kwake hana hata mmoja. Utaratibu huu si uvumbuzi wetu. Ulianzia Niger mwaka 1991, katika vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa vilivyosaidiwa na shirika la CARE, ukaenea nchi nyingi za Afrika, na sisi huku tukauzoea kwa jina la VICOBA, au kikoba tu. Nimekuwa mweka hazina wa kikundi hiki kwa miaka sita. Kazi hiyo imenipa nafasi ya kusikia karibu kila sababu ambayo mtu anaweza kuitoa kwa kutoweka akiba, zikiwamo zangu mwenyewe, na nimefikia kuamini kwamba jambo linaloamua zaidi ya yote ni umbali uliopo kati ya fedha na mkono wa mwenye fedha. Dhana nyingi zilizozoeleka huficha jambo hilo.

Dhana: “Kipato changu ni kidogo, nitaanza nikiongezewa mshahara”

Dhana hii ina chembe ya ukweli. Kaya isiyojua chakula cha kesho kitatoka wapi haina cha kuweka, na kuihubiria kuhusu akiba ni kuikosea adabu. Lakini wengi wanaoisema si hao. Katika kikoba chetu hisa moja ni shilingi 5,000, na mwanachama huruhusiwa kununua hisa 1 hadi 5 kwa kila kikao. Mwenzetu anayeuza maandazi hajawahi kukosa hisa 2 kwa wiki, ilhali anayeongoza kwa faini ni mfanyakazi wa ofisini ambaye mshahara wake hupitia benki kila mwezi. Nadhani sababu ni kwamba muuza maandazi hugawa fedha kila siku: hizi za unga, hizi za mafuta, hizi za mkaa, hizi za nyumbani. Mshahara hufika kama fungu moja lisilo na jina, na fungu lisilo na jina huonekana kubwa kuliko lilivyo. Nao ukiongezeka, chumba kimoja huwa viwili, daladala huwa bajaji, na baada ya miezi mitatu mtu husubiri nyongeza nyingine.

Watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walilifanyia majaribio jambo hili miongoni mwa wanavikundi vya kuchangiana huko magharibi mwa Kenya, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2013. Baadhi ya washiriki walipewa kisanduku cha chuma chenye tundu la kuingizia fedha, kufuli na ufunguo wake, wakaombwa wakitumie kuwekea fedha za afya. Hawakuongezewa kipato. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja, matumizi yao kwa ajili ya kinga, kama vile kununua vyandarua, yalikuwa yamepanda kwa asilimia 66 yakilinganishwa na ya wale ambao hawakupewa. Fedha zilizopewa jina na mahali pake zilikuwa rahisi kuzilinda dhidi ya tamaa ya mwenyewe na dhidi ya maombi ya ndugu na majirani.

Kuna sehemu ya utafiti huo ambayo hainukuliwi sana, nami naiona kuwa yenye thamani zaidi. Kundi lingine lilipewa kisanduku kilekile, ila ufunguo ukashikwa na mtumishi wa mradi hadi mshiriki atakapofikia lengo lake. Mtu angetegemea kwamba kufuli gumu zaidi lingezaa akiba kubwa zaidi, lakini kwa upande wa kinga ya afya kisanduku hicho hakikuleta mabadiliko ya maana. Fedha ambazo huwezi kuzifikia mtoto anapopata homa usiku ni fedha unazosita kuziweka. Umbali unaofaa, basi, ni ule unaomlazimu mtu kufikiri mara mbili bila kumfungia mlango kabisa.

Dhana: “Akiba ni kile kinachobaki baada ya matumizi”

Hakibaki. Anayelipwa mshahara aiagize benki yake ihamishe kiasi fulani siku ileile mshahara unapoingia, kabla hajaanza kuhesabu mahitaji. Anayepata riziki kwa siku atenge kabla ya kufunga biashara, hata kama ni shilingi 2,000. Kwa siku 300 za kazi, hizo ni shilingi 600,000. Sina la kuongeza katika hili.

Dhana: “Kinachotumaliza ni soda na vocha”

Washauri wengi wa fedha hupenda kuanzia hapa, kwa kuwa soda ni rahisi kuisema vibaya. Sipingi kwamba matumizi madogo hujumlishwa, lakini nilipoketi na daftari la matumizi ya nyumba yangu nilikuta kwamba fedha zilizonitikisa zilitoka katika mambo matatu: kodi ya nyumba, ada za shule na michango.

Chukua kodi. Wenye nyumba wengi mjini hudai ya miezi 6 au hata mwaka mzima kwa mkupuo. Chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi humaanisha shilingi 480,000 siku moja, nasi hukimbilia kukopa kana kwamba tumepatwa na ajali, ilhali tarehe yake imeandikwa kwenye mkataba tuliousaini wenyewe. Ikigawanywa kwa wiki 26, kodi hiyo ni takriban shilingi 18,500 kwa wiki. Si fedha kidogo, lakini inajulikana, inatafutika, na haina riba. Ada ya Januari nayo ni vivyo hivyo. Hakuna mzazi aliyewahi kushtukizwa na Januari.

Michango ya harusi inahitaji maneno ya tahadhari zaidi. Kadi 8 kwa mwaka, kila moja shilingi 50,000, ni shilingi 400,000, na wapo wanaojisifu kwamba wamekata shauri kutochangia mtu yeyote. Sidhani kuwa huko ni kuweka akiba. Mchango ni namna ya kuwekeana: aliyekuchangia ukimwoza binti yako anatarajia umkumbuke, na siku ya msiba ndipo mtu hujua thamani ya kuwa ndani ya mzunguko huo. Kinachofaa ni kupanga mwanzoni mwa mwaka jumla ya fedha za michango, kuzitenga peke yake, na kuwaambia wanakamati mapema kiwango unachokiweza badala ya kuahidi kikubwa na kuanza kukwepa simu zao.

Dhana: “Kununua kidogo kidogo ndiko kubana matumizi”

Mwaka jana niliamua kulipima jambo hili kwa mikono yangu. Nilichukua chupa tupu ya lita moja, na kila nilipotuma mtoto dukani kwa Mangi alete mafuta ya kula ya kupima ya shilingi 500, niliyamimina humo kwanza. Chupa ilijaa kwa vipimo 12, yaani shilingi 6,000, wakati lita nzima dukani hapohapo iliuzwa shilingi 5,000. Mangi hakuniibia, kupima, kumwagika na kukaa na bidhaa kuna gharama zake, na gharama hizo mnunuzi ndiye huzilipa. Kwa hiyo asiye na shilingi 5,000 mfukoni kwa wakati mmoja hununua mafuta kwa bei ya juu kuliko aliye nazo, na hilo halirekebishwi kwa kumwambia awe na nidhamu.

Linalosaidia ni kuwa na fungu dogo la kuanzia. Majirani 5 wakichanga, hununua dumu la lita 20 na kugawana lita 4 kila mmoja. Lakini nami nikiri udhaifu wa dawa hii: sukari ya kilo 5 ikiwapo ndani, chai ya nyumba hiyo huwa tamu ajabu. Kinachonunuliwa kwa jumla kiwekwe mbali na jiko, na kitolewe kwa kipimo.

Dhana: “Benki hufilisika, kibubu hakifilisiki”

Hofu hii haikuzuka hewani. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki 5 kwa mara moja kwa sababu ya upungufu wa mtaji. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba amana za wateja wa benki hukatiwa bima kupitia Bodi ya Bima ya Amana, na kwamba kiwango cha juu cha fidia, kilichokuwa shilingi milioni 1.5, kilipandishwa mwaka 2023 kufikia shilingi milioni 7.5 kwa mteja. Kwa mwekaji wa kawaida, kiasi hicho kinatosha kufunika akiba yake yote.

Kibubu hakina bima, na adui yake mkubwa si mwizi wala panya. Yeyote aliyewahi kuwa nacho anajua jinsi kinavyogeuzwa juu chini, kisu chembamba kikapitishwa kwenye tundu, noti ikateremka juu ya bapa la kisu taratibu bila msumari hata mmoja kung'olewa. Fedha zilizomo pia hupungua nguvu: bei zikipanda kwa asilimia 5 kwa mwaka, shilingi 100,000 zilizolala ndani zitanunua kile ambacho takriban shilingi 95,000 zingenunua siku zilipoingizwa. Akaunti ya fedha kwenye simu, kwa kadiri ninavyoiona, ni kibubu kisicho na kifuniko, isipokuwa kama mtu anatumia huduma inayozifungia fedha hadi tarehe fulani.

Kuna wanaozikimbia noti kabisa na kununua tofali, kwa hoja kwamba tofali halikopeki. Hoja hiyo ina busara kuliko inavyochekwa, mradi kiwanja hakina mgogoro na saruji haikununuliwa mapema ikagandia ndani ya mfuko.

Dhana: “Upatu unazaa”

Upatu, au mchezo, hauzai. Watu 10 wakitoa shilingi 20,000 kila wiki, kila mmoja hupokea 200,000 mara moja, ambazo ni fedha zake mwenyewe. Wa kwanza amekopeshwa na wenzake bila riba, wa mwisho amewakopesha, na kijumbe, yaani anayekusanya fedha za mchezo, akiondoka na makusanyo hakuna wa kumfuata. Ni njia nzuri ya kukusanya fungu, na faida yake inakomea hapo. Faida ya kikoba hutoka mahali panapoonekana: wanachama hukopa, hulipa riba, na riba hugawanywa kwa hisa mwisho wa mzunguko. Anayeahidi faida bila kuonyesha inatoka wapi huwalipa wa mwanzo kwa fedha za wa mwisho. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa taasisi ya DECI hapa nchini, ambako watu walialikwa “kupanda mbegu” na kuvuna maradufu, hadi Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 huku maelfu wakiwa bado hawajavuna.

Dhana: “Nitalipa deni polepole huku nikiendelea kuweka akiba”

Mikopo tunayoiita kausha damu imepewa jina linaloistahili. Mkopo wa shilingi 100,000 unaorudishwa kwa 130,000 baada ya mwezi mmoja una riba ya asilimia 30 kwa mwezi, na hakuna akaunti ya kawaida ya akiba inayolipa hata nusu ya hiyo kwa mwaka mzima. Mikopo ya kwenye simu huongeza aibu juu ya riba, kwa kuwa baadhi ya wakopeshaji huwapigia watu waliomo katika orodha ya namba za mkopaji. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zisizo na leseni. Mtu mwenye deni la namna hiyo aache kwa muda kununua hisa, abaki na akiba ndogo tu ya dharura, na kila senti inayopatikana ielekezwe huko.

Mwaka jana mwenzetu mmoja alikuwa na madeni matatu ya aina hiyo kwa wakati mmoja, na kwa wiki kadhaa alikuja kikaoni akanunua hisa kama kawaida ili tusijue. Alipojieleza, tulimkopesha kutoka kisandukuni kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, akayamaliza yote matatu ndani ya wiki moja, akabaki na deni letu peke yake. Kwa miezi minne kitabu chake hakikugongwa muhuri wa hisa. Alimaliza kutulipa Agosti, na Jumamosi iliyofuata alinunua hisa moja.