Rangi haiui kutu

Wengi huamini kwamba ukipaka rangi juu ya kutu, umeimaliza. Sivyo. Kutu ina vitundu vinavyoshika unyevu, na rangi hiyo hung'ang'ania kutu, si chuma. Baada ya muda fremu ya baiskeli hutoa malengelenge. Kwangua moja kwa ukucha, linabanduka na unga mwekundu chini yake.

Sugua kwanza kwa brashi ya waya, kisha msasa, mpaka chuma king'ae. Kwenye maungio, msasa usikofika, zungushia kitambaa kilicholowa siki kwa saa kadhaa. Siki ni asidi, kwa hiyo suuza kwa maji yenye magadi, kausha hapohapo, upake rangi ya msingi siku hiyohiyo. Chungulia pia ndani ya bomba la kiti: maji hutuama humo, na rangi ya nje haisaidii kitu.