Umeme kutoka bwawa la chumvi

Si lazima maji yachemke ndipo umeme upatikane. Joto la nyuzi 80 hadi 90, ambalo jua huweza kulifikisha ndani ya bwawa lililoandaliwa vizuri, linatosha kuvukiza kimiminika chepesi kama pentani, ambacho mvuke wake huzungusha turbaini (gurudumu linaloendesha jenereta) kisha ukapozwa na kurejea mwanzo. Mitambo ya aina hiyo ipo Olkaria, Kenya, ingawa huko joto hutoka ardhini.

Katika bwawa la kawaida, maji yaliyopata joto huwa mepesi, hupanda juu na kulipoteza hewani. Chumvi huzuia mwendo huo. Tabaka la chini hukolezwa chumvi kiasi kwamba hata likipata moto hubaki zito kuliko maji yaliyo juu yake, na tabaka la kati, ambalo chumvi yake hupungua kadiri unavyopanda, hutulia tuli na kuzuia joto lisitoroke huku mwanga ukiendelea kupita. Mwanasayansi Alexander von Kalecsinsky alilieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya kupima ziwa la asili la Medve, Transylvania (leo Romania), na kukuta nyuzi 70 hivi kwenye kina kisichozidi mita moja na nusu.

Waisraeli ndio waliolifanyia kazi zaidi, kando ya Bahari ya Chumvi: Ein Boqeq mwaka 1979, mtambo wa kilowati 150, kisha Beit HaArava, mtambo wa megawati 5, uliofungwa kabla ya muongo wa 1980 kwisha.

Tatizo ni hesabu. Joto likiwa nyuzi 85 na maji ya kupozea nyuzi 25, fizikia hairuhusu zaidi ya asilimia 17 ya joto hilo kugeuzwa nguvu ya kuzungusha mashine, na kwa vitendo hupatikana nusu yake au pungufu. Ukizingatia kwamba bwawa hunasa sehemu ndogo tu ya mwanga, umeme huishia takriban asilimia 1 ya nishati ya jua, ilhali paneli za kawaida hufikia 20. Faida yake kubwa ni akiba: turbaini huendelea kuzunguka usiku. Lakini mawimbi ya upepo huchanganya matabaka, hivyo nyavu huwekwa zielee juu ya maji, na mhudumu hana budi kuchota sampuli kina baada ya kina kupima uzito wake.

Kwa maoni yangu, joto hili lina thamani zaidi likitumika lilivyo. Bhuj, India, bwawa la mita za mraba 6,000 lilipeleka maji ya moto moja kwa moja kwenye kiwanda cha maziwa, bila turbaini yoyote.