Sukuma Wiki Nyumbani: Mavuno Yako Mkononi Unapochuma

Sukuma wiki ikidumaa, watu hulaumu mbegu. Mara nyingi kosa ni uchumaji. Jani ndilo jiko la mmea. Ukiyamaliza yote siku moja ili sufuria ijae, mche hukosa pa kujipikia chakula, na majani yanayofuata huja madogo, magumu.

Anza kuchuma wiki ya 6 hivi baada ya kupandikiza. Chuma ya chini yaliyokomaa, mara moja kwa wiki, na uache 5 au 6 ya juu bila kuyagusa. Shika kikonyo karibu kabisa na shina, kivute chini ukikipinda kando kidogo, kikatike chenyewe. Kipande kinachobaki huoza. Jani la manjano linalogusa udongo liondoe pia, hata kama haliliki.

Miche 30 ikitoa majani 3 kila mmoja, unapata majani 90 kwa wiki. Ukiipanda sentimita 45 kwa 60, inahitaji takriban mita 8 za mraba tu. Usiibananishe ukidhani utavuna zaidi: majani yaliyolowa hayakauki upesi, na magonjwa hupenda unyevu huo.

Kila shimo litie viganja 2 vya samadi iliyoiva. Ile mbichi huunguza mizizi. Baada ya mwezi, kijiko kimoja cha chai cha CAN, mbolea ya naitrojeni, kila mche, sentimita 10 kutoka shinani, udongo ukiwa umelowa. Rudia kila wiki 4 hadi 6, kwa sababu kila unachochuma kimeondoka na naitrojeni ya udongo.

Mwagilia asubuhi, chini ya mmea. Maji yanayorukia majani husambaza bakteria wa uozo mweusi. Utautambua kwa doa la manjano lenye umbo la V kutoka ukingoni mwa jani, mishipa ikiwa myeusi. Ng'oa mche huo, usiutupe kwenye mboji, na kwa miaka 2 au 3 usipande hapo kabichi wala jamaa zake. Panda kunde au vitunguu.

Ukiona sisimizi wakipanda shina, geuza majani: huenda vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, wapo. Nyunyizia jioni kijiko cha chai cha sabuni ya maji katika lita 1 ya maji, ukilenga upande wa chini wa jani.

Shina likirefuka litatoa machipukizi ubavuni. Yakate kwenye mche wenye afya, uyapande kivulini udongo ukiwa na unyevu, upate miche mipya bila kununua mbegu.