Faharisi ya h haipimi uzito wa msomi

Wengi huamini kwamba mtaalamu wa fedha wa Budapest mwenye faharisi ya h ya 12 amepitwa mbali na tabibu mwenye 40. Faharisi hiyo, iliyopendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch, huhesabu jambo moja tu: mwenye 12 ana makala 12 ambazo kila moja imerejelewa, yaani kutajwa katika maandishi mengine ya kitaaluma, angalau mara 12. Aliyeandika makala moja pekee, hata ikirejelewa mara 2,000, hubaki na 1, jambo ambalo kwa kweli linachekesha. Tena watafiti wa tiba ni wengi na huandika kwa makundi, ilhali makala ya fedha huweza kusubiri miaka kadhaa kabla ya kuchapishwa; na iliyoandikwa kwa Kihungari katika jarida la Közgazdasági Szemle hupata wasomaji wachache nje ya nchi, hata iwe nzuri namna gani. Hungaria yenyewe imechukua tahadhari ninayoiona ya busara: hazina yake ya kitaifa ya machapisho, MTMT, hutenganisha marejeleo huru na yale ya mwandishi mwenyewe au waandishi wenzake. Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta maandishi ya kitaaluma, haitenganishi, na huhesabu hata rasimu, ndiyo maana mtu yuleyule huonekana mkubwa huko na mdogo kwenye Scopus, hifadhidata ya machapisho yaliyochaguliwa.